Kutoka gari la Bula Matari mpaka projekta ya ndani ya begi: nani anashika mashine ya picha?

Siku hizi katika mitaa ya Goma, Bukavu, Beni ama Uvira, projekta si kitu cha kushangaza tena. Iko parokiani, iko shuleni, iko kwenye harusi, iko katika nganda siku ya mpira. Katika kambi za watu waliohamishwa na vita, shirika likija kueleza juu ya kolera ama haki za watoto, mara nyingi linafika na projekta, bafle mbili na shuka jeupe. Giza likiingia watoto wanakaa chini mbele, wamama wanasimama nyuma, na picha inaanza.

Watu wengi wanakumbuka picha. Wachache wanamwangalia mtu aliyeinama nyuma ya mashine. Hata hivyo, historia ya sinema katika Kongo inaeleweka vizuri zaidi ukimfuata mtu huyo: nani alimpa mashine, nani alimchagulia picha, na nani alisimama kando kuzieleza kwa lugha ya wakaaji.

Mashine iliyohitaji gari zima

Ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 mwezi wa 12 mwaka 1895. Mashine yao ilizungushwa kwa mkono, na sanduku lile lile lilipiga picha na kuzionyesha.

Kwa miaka mingi baadaye, sinema ilikuwa kazi ya hatari. Filamu ilikuwa utepe mrefu wa upana wa milimita 35, uliotengenezwa kwa kitu kinachowaka kama esanse. Ndani ya mashine, kila picha ndogo inasimama kidogo mbele ya taa kali, kisha inavutwa na nyingine inakuja. Filamu zilipopata sauti, picha 24 zilipita kila sekunde. Utepe ukikwama, moto wa taa unaweza kuuwasha. Ndiyo maana katika majumba ya sinema mashine ilifungiwa katika chumba chake chenye kuta za kuzuia moto. Kitu kama hicho hakikuweza kubebwa kirahisi mpaka kijijini.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1923, wakati kampuni ya Kodak ya Marekani ilipotoa filamu nyembamba ya milimita 16, iliyotengenezwa kwa kitu kisichoshika moto haraka. Mashine yake ilikuwa ndogo na nyepesi. Tangu hapo sinema iliweza kupanda gari na kufuata barabara: jenereta nyuma, mashine katika sanduku, bafle, nyaya, na shuka lililokunjwa.

Jaribio moja linalojulikana sana lilifanyika ngambo ya ziwa, katika Tanganyika ya Waingereza. Kati ya mwaka 1935 na 1937, Meja L. A. Notcutt na wenzake walikaa Vugiri, katika milima ya Usambara, wakitengeneza filamu za mafundisho juu ya kilimo, afya na akiba ya pesa. Kisha walizitembeza kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rodezia ya Kaskazini. Filamu zao hazikuwa na sauti ndani yake. Maelezo yalirekodiwa kando kwenye sahani za gramafoni, na fundi alipaswa kuhakikisha sahani na picha vinakwenda pamoja. Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zilizotumiwa. Kwa hiyo, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Kiswahili kilikuwa kimeshasikika kikitoka kwenye bafle kando ya shuka la sinema.

Sheria juu ya macho ya watu

Katika Kongo ya Wabelgiji sinema ilikuja ikiwa imegawanywa. Wazungu walikuwa na majumba yao mjini. Kwa Wakongomani, serkali ya kikoloni, ile ambayo wazee waliiita Bula Matari, iliogopa. Kunako mwaka 1945 ilitoa sheria iliyokataza kuingiza katika maonyesho ya sinema watu wasio wa asili ya Ulaya ama Asia, isipokuwa kwa filamu zilizopimwa na kukubaliwa na tume ya serkali.

Sababu waliyoitoa ni kwamba Mwafrika hajui kutofautisha picha na maisha. Ukimwonyesha mwizi, ataiba. Ukimwonyesha mzungu mlevi ama anayepigana, atapoteza heshima kwake. Sababu hii ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu utawala wa wachache juu ya wengi unahitaji wale wachache waonekane wasafi siku zote. Waingereza nao waliwaza hivyo hivyo. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu za makoloni cha Uingereza, alifundisha kwamba filamu za Waafrika ziwe za polepole, picha moja ikae muda mrefu, na ujanja wowote wa kamera uondolewe. Leo watoto wa Kivu wanafuata filamu za karate na za kihindi bila shida yoyote.

Basi filamu za pekee zilitengenezwa kwa ajili ya Wakongomani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilishikwa na mapadri. Kule Léopoldville alikuwepo padri Alexandre Van den Heuvel. Kule Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, padri Albert Van Haelst alitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, ambao walichekesha watu wengi katika miaka ya 1950. Na hapa mashariki, Bukavu ilikuwa na kazi ya Mapadri Weupe iliyoitwa Africa Films, ambayo padri Roger De Vloo alikuwa mtu wake mkubwa. Katanga nayo, kampuni ya migodi ya Union Minière ilionyesha sinema katika kambi za wafanyakazi wake, ili watu wapumzike kwa namna ambayo wakubwa wanaiona na kuipima.

Angalia mpango wenyewe. Gari lilikuwa la serkali, la kampuni ama la misioni. Filamu ilichaguliwa na mwenye gari. Shuka lilitundikwa mahali alipoonyesha mwenye gari. Watu waliitwa, wakakaa, wakatazama, wakarudi nyumbani.

Kitu kimoja tu hakikuweza kufungiwa ndani ya boksi la filamu: maneno. Filamu nyingi zilifika bila lugha ya wakaaji, kwa hiyo alihitajika Mkongomani wa kusimama na mikrofoni, kueleza kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba ama Kikongo. Mtu huyo alijua kwamba mfano wa Ulaya hautaeleweka Kabare ama Masisi, akauweka kwa namna ya nyumbani. Alijua wapi watu watacheka, akasubiri. Watazamaji walitazama picha ya padri, lakini waliisikia kupitia kinywa cha mtoto wa kwao. Na mara nyingi waliokuwa wakibeba jenereta, kunyoosha nyaya na kumimina esanse walikuwa vile vile Wakongomani. Wakati wa uhuru ulipofika, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, ujuzi wa mashine haukuwa tena siri ya wazungu.

Kaseti ilivunja mlango

Televisheni ilianza katika inchi mwaka 1966, na upesi ikawa sauti ya chama kimoja. Watu wazima wanakumbuka picha ya Mobutu akishuka kutoka mawinguni kabla ya habari. Mwenye mashine alibadilika, lakini uchaguzi wa picha ulibaki juu, mbali na mtazamaji.

Kilichovunja mlango ni kaseti. Kampuni ya JVC ya Japani ilitoa kaseti ya VHS mwaka 1976, na katika miaka iliyofuata ikafika mpaka masokoni petu. Mtu mwenye televisheni moja, mashine ya kaseti, jenereta ndogo na viti vya mbao aliweza kufungua jumba la video mtaani. Hakuomba tume yoyote ipime filamu. Watoto walilipa pesa kidogo wakaona filamu za karate, za vita, za kihindi, na baadaye za Nigeria.

Mfasiri naye alirudi. Katika vibanda vya video vya Kampala walijitokeza wale wanaoitwa VJ, ambao wanaieleza filamu ya kigeni kwa Kiganda huku ikiendelea. Tanzania alijulikana sana Lufufu, aliyeweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filamu za Hong Kong na Marekani. Filamu zilizofasiriwa Tanzania zinauzwa pia mashariki mwa Kongo. Kazi ni ile ile ya msaidizi wa padri, isipokuwa sasa mfasiri hana bwana mkubwa pembeni yake.

Shida ya jumba la video ilikuwa udogo wa picha. Televisheni moja inatosha watu thelathini waliobanana, haiwezi kutosha kijiji.

Namna mwanga ulivyopunguzwa uzito

Mafundi wa Ulaya walianza kutafuta namna ya kutupa picha ya televisheni juu ya ukuta mapema sana. Mashine iliyoitwa Eidophor, kazi ya Fritz Fischer wa Uswisi, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1943, lakini ilikuwa kubwa kama kabati na ya bei ya kutisha. Baadaye zikaja projekta za mirija mitatu, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani na mmoja wa bluu. Zilikuwa nzito, na kila zikisogezwa fundi alipaswa kuzipanga upya ili rangi tatu zikutane mahali pamoja.

Mwaka 1989 kampuni za Japani, kati yao Sharp na Epson, zilianza kuuza projekta za kioo cha maji, zile za LCD. Ndani yake taa inapita katika vioo vidogo vinavyofungua na kufunga mwanga, nukta kwa nukta. Njia nyingine ilitoka Marekani. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alitengeneza kipande kidogo kilichojaa vioo vya kujiona visivyoonekana kwa macho, kila kimoja kikigeuka kutupa mwanga kwenye shuka ama pembeni. Projekta za namna hiyo, DLP, ziliingia sokoni mwaka 1996. Tangu hapo mashine imezidi kupungua. Kitu kilichohitaji gari na watu wanne leo kinaingia katika begi la mwanafunzi.

Kuisimamisha: kazi inayoanza kabla ya giza

Wepesi wa mashine unadanganya. Maonyesho mengi yanaharibika kwa sababu fundi amefika jua likizama. Kazi hii ina mpangilio wake, na kila hatua ina sababu.

Kwanza ni mahali. Ukuta mweupe ni bora kuliko shuka, maana hautikiswi na upepo. Kama ni shuka, livutwe pembe zote nne, na ukingo wake wa chini uwe juu ya vichwa vya watu waliokaa. Shuka jepesi linapitisha mwanga: walio nyuma yake wataona picha kinyume na maandishi yaliyogeuka. Kitambaa cheusi kikiwekwa nyuma, picha inapata nguvu.

Pili ni umbali. Kwa projekta nyingi za kawaida, ukigawanya umbali kwa moja na nusu unapata upana wa picha. Mashine ikiwa mita 3 kutoka shukani, picha inakuwa karibu mita 2. Ikiwa mita 6, picha inakuwa mita 4. Wengi wanapenda picha kubwa, lakini upana ukizidishwa mara mbili, mwanga ule ule unatandazwa juu ya eneo mara nne, na picha inafifia. Ni afadhali picha ya mita 2 na nusu inayoonekana, kuliko ya mita 5 ambayo ni kivuli.

Tatu ni umeme. Jenereta iwekwe mbali, upande ambao upepo unapeleka moshi na kelele nje ya watu. Iwashwe kwanza, iachwe itulie, ndipo vyombo vichomekwe, tena kupitia stabilizateri, kwa sababu umeme unaoruka ndio unaoua taa na kompyuta. Ralonji isipite kwenye njia ya watoto. Ikishindikana, ifukiwe kidogo katika udongo ama ifunikwe na ubao.

Nne ni nyaya. Waya wenye vichwa vitatu unajieleza wenyewe: njano ni picha, nyekundu na nyeupe ni sauti. Waya wa VGA, wenye sindano 15, unabeba picha peke yake. HDMI unabeba vyote viwili, lakini hapo sauti inakwenda kwenye kibafle kidogo cha ndani ya projekta, na watu hamsini hawataisikia. Dawa yake ni kuchukua sauti kutoka tundu la masikio la kompyuta na kuipeleka kwenye amplifikateri. Projekta iwashwe mbele, kisha kompyuta ama mashine ya DVD. Shuka likibaki la bluu bila picha, mara nyingi hakuna kilichokufa: projekta inasikiliza tundu lingine. Bonyeza kitufe cha kuchagua chanzo, na kwenye kompyuta ya Windows bonyeza alama ya Windows pamoja na P.

Tano ni kunyoosha. Projekta ikielekezwa juu kutoka chini, picha inapanuka juu kama sufuria. Kuna kitufe cha kuinyoosha, lakini kinafanya hivyo kwa kupoteza sehemu ya picha. Kwanza inua meza.

Sita ni kuzima, na hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Taa ya ndani inafika joto kali sana. Ukichomoa waya mara filamu inapoisha, feni inasimama na taa inaungua katika joto lake yenyewe. Zima kwa kitufe, subiri feni inyamaze, ndipo uchomoe. Mji kama Goma, wenye mavumbi meusi ya volkano, unadai pia kichungi cha hewa kipanguswe mara kwa mara. Mashine iliyozibwa pua inajizima katikati ya filamu.

Sinema ikienda kwa waliokimbia

Wazo la kupeleka sinema kwa wakimbizi lilipata nguvu mwaka 1999, wakati shirika FilmAid lilipoanza kuonyesha filamu kwa wakimbizi wa Kosovo. Kisha liliingia Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambako wanaishi pia Wakongomani. Kwetu, Femke na Ilse van Velzen, mapacha kutoka Uholanzi, walitengeneza filamu juu ya ubakaji wakati wa vita: Fighting the Silence ya mwaka 2007, ambamo wanawake waliotendewa wanasema, na Weapon of War ya mwaka 2009, ambamo wanasema wanaume waliotenda. Filamu hizo zilitembezwa vijijini na kwa wanajeshi, na baada ya picha watu walikaa kuzungumza. Goma penyewe, Petna Ndaliko Katondolo na kituo cha Yole!Africa walifundisha vijana kushika kamera na kuonyesha kazi zao mbele ya wakaaji wa mji.

Mazungumzo baada ya filamu ni mabadiliko makubwa. Katika gari la Bula Matari mtazamaji hakuulizwa neno. Lakini mazungumzo hayatoshi kama mambo yote yaliyotangulia yaliamuliwa mahali pengine.

Chukua sauti. Filamu yenye milio ya risasi, ikitoka katika bafle kubwa usiku, inaweza kusikika mbali, mpaka katika vibanda ambavyo watu wake hawajui kama kuna sinema. Kwa familia iliyokimbia risasi za kweli, hiyo si burudani. Chukua ushuhuda. Mama anayesimulia kwenye shuka jinsi alivyobakwa anaweza kuwa na shangazi kati ya watazamaji, na watoto wadogo wamekaa mstari wa mbele. Chukua saa. Filamu ikiisha usiku sana, wasichana wanarudi gizani peke yao katika kambi ambayo wote wanaijua hatari yake. Mambo haya hayaandikwi katika kitabu cha projekta, na fundi anayetoka mjini na kurudi mjini hawezi kuyajua. Mtu wa kambini anayajua yote.

Kwa sababu hiyo, kamiti ya kambi ama ya mtaa ikiambiwa kwamba sinema inakuja siku ya posho, ina haki ya kudai mambo manne. Watu wake wachache, wanawake kwa wanaume, waione filamu kabla ya umati. Mfasiri achaguliwe kati ya watu ambao wakaaji wanawaamini, naye aione filamu mbele ya kushika mikrofoni. Saa ya kumaliza ipangwe, pamoja na njia ya watoto na wasichana kurudi. Na vijana wawili, msichana na mvulana, wasimame karibu na fundi tangu kufungua boksi mpaka feni inyamaze.

Jambo hilo la mwisho ni rahisi kuliko yote. Kusimamisha projekta kunafundishika kwa siku moja ama mbili. Kijana aliyejifunza ataweza kuonyesha mafundisho ya kolera shirika likishaondoka, ama masomo ya darasa la sita kwa watoto waliokosa shule, ama filamu iliyopigwa na vijana wenzake juu ya maisha ya kambini. Na siku familia zitakaporudi vijijini, ujuzi huo hautahitaji gari la kuubeba.